Daktari, usinunue mashine bado

Najua nimepotea. Kazi zilinibana, na wale wanaongojea sehemu ya pili ya somo la hifadhidata watanisamehe tena wiki hii. Leo nataka kuandika juu ya bayolojia, somo ambalo kwenye KCSE nilipata B ya kubahatisha, na ninaandika kwa sababu limenigusa mfukoni.

Wiki tatu zilizopita, saa tano usiku, rafiki yangu mmoja alinipigia simu. Tulikaa chumba kimoja chuoni miaka miwili, mimi nikisoma sayansi ya kompyuta, yeye baiokemia. Tulimwita Daktari kwa sababu alikuwa akija kula chakula cha mchana na koti lake la maabara, na jina likamganda. Sasa anakaribia kuwa daktari wa kweli, yuko mwaka wa tatu wa uzamifu. Kitu alichobuni ni kipimo cha aflatoksini.

Kwa wasioijua, aflatoksini ni sumu inayotolewa na ukungu unaomea kwenye mahindi na njugu ambazo hazikukaushwa vizuri. Majirani zetu Tanzania huiita sumukuvu, jina zuri kuliko letu. Mwaka 2004 huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi kwa kula mahindi ya ghala zao wenyewe. Daktari ni mtu wa huko. Hakuichagua mada hii kwa kutafuta alama.

Kipimo chake ni kikaratasi kama kile cha malaria au cha mimba. Unasaga mahindi, unachanganya na maji yenye dawa fulani, unachovya, unasoma mistari. Vikaratasi vya aina hiyo vipo tayari, vinatoka ng'ambo na bei yake ni ya ng'ambo. Chake anasema kitamgharimu chini ya shilingi 150.

Kwangu alitaka vitu viwili. Kwanza, programu ya simu ya kuisoma ile mistari kwa kamera. Pili, shilingi 400,000, nami nipate asilimia 10 ya kampuni. Pesa hizo ninazo. Ziko kwenye sako, nimezikusanya miaka minne nikilenga ploti huko Malaa. Kwa hivyo mkiona naandika kama mtu mwenye wasiwasi, ndiyo sababu.

Alinitumia slaidi 24. Slaidi ya tisa ilikuwa bajeti: kodi ya chumba Industrial Area, mashine ya kutengenezea vikaratasi, mishahara ya watu watatu, pikapu ya mkopo. Niliisoma mara tatu. Swali la kama kikaratasi kinasema kweli kwenye gunia la mahindi la mwenyewe, nje ya maabara, halikutengewa hata shilingi moja.

Nikafanya kile ninachofanya nikikwama na kodi ya mtu mwingine, nikaenda kuona waliotangulia walifanyaje. Katika fani hii waliotangulia kuliko karibu wote ni Genentech, na nataka nikae kwenye hadithi yao kidogo, kwa sababu watu huisimulia kuanzia mwisho, pale pesa zilipojaa.

Mwanzo ulikuwa hivi. Januari 1976 kijana mmoja aitwaye Robert Swanson, umri wa miaka 28, hana kazi, alimpigia simu profesa Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California pale San Francisco. Boyer pamoja na Stanley Cohen wa Stanford walikuwa wameonyesha mwaka 1973 jinsi ya kukata kipande cha DNA na kukipandikiza ndani ya bakteria. Boyer alimpa kijana dakika kumi za Ijumaa jioni. Zikawa saa tatu, nyingi zikiwa baa. Wakakubaliana kila mmoja atoe dola 500 za kusajili kampuni, na Boyer zake alikopa. Aprili mwaka huo kampuni ikazaliwa. Boyer hakuacha uprofesa. Alibaki na mshahara wake na maabara yake.

Swanson akaenda kuomba mtaji kwa Kleiner na Perkins. Hapa ndipo ninapopapenda. Mpango wake wa kwanza ulifanana sana na slaidi ya tisa ya Daktari: maabara, vifaa, wafanyakazi. Tom Perkins hakuupenda. Hakuwa mwanabayolojia, na kwa maoni yake hakuna aliyejua kama jambo lenyewe linawezekana, kwa hivyo kujenga maabara kungekuwa kununua jibu la swali ambalo halijaulizwa. Alitoa dola 100,000, na kazi ikagawanywa kwa mikataba: chuo cha Boyer kifanye sehemu yake, kituo cha utafiti cha City of Hope kiunde vipande vya DNA, na upimaji ufanyiwe mahali pengine. Kwa mwaka wake wa kwanza na zaidi, kampuni mama ya bayoteknolojia ya dunia haikuwa na maabara yake. Ilikuwa na swali moja tu: je, bakteria anaweza kutengeneza protini ya binadamu?

Swanson alitaka waanze moja kwa moja na insulini, kwa sababu soko la insulini lilijulikana. Wakati huo ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Wanasayansi walikataa. Walitaka waanze na somatostatini, homoni ndogo yenye asidi amino 14 peke yake, ambayo jeni lake lingeweza kuundwa kwa mkono na ambayo kulikuwa na njia nzuri ya kuipima hata ikiwa kidogo sana. Soko lake lilikuwa dogo mno. Ilichaguliwa kwa sababu ingetoa jibu haraka na kwa bei nafuu. Wenzangu waandishi wa programu wataelewa: ile programu ndogo ya kwanza kabisa unayoandika kuhakikisha kompyuta na lugha vinaongea, huiandiki ili uiuze.

Halafu kuna kipande ambacho kinanisisimua zaidi. Arthur Riggs na Keiichi Itakura wa City of Hope walikuwa wameomba pesa za serikali kwa kazi hiyohiyo ya somatostatini, wakanyimwa. Wakaguzi waliona haiwezekani kwa muda ule, tena haina faida kubwa. Kwa hiyo swali lililoshindwa kupata ruzuku likalipiwa na mtu wa biashara. Huwa tunadhani wanabiashara hawana subira na serikali ndiyo yenye ujasiri.

Katikati ya mwaka 1977 jaribio la kwanza likafeli. Walipima, hakuna kitu. Inasemekana Swanson aliugua tumbo kwa wasiwasi. Mimi namwelewa. Lakini kwa sababu swali lilikuwa dogo na limewekwa wazi, waliweza kutafuta kosa liko wapi: bakteria alikuwa akiila ile homoni ndogo mara tu baada ya kuitengeneza. Wakaiunganisha na protini kubwa ya bakteria mwenyewe ili asiitambue, kisha wakaikata baadaye kwa kemikali. Agosti 1977 ikaonekana. Homoni ambayo kipimo chake cha miligramu 5 kiliwahi kuhitaji bongo za kondoo nusu milioni ilitoka kwenye lita chache za mchuzi wa bakteria.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1978, walipata insulini, na siku chache baada ya hapo wakatia saini mkataba na Eli Lilly. Lilly ndio waliokuwa na viwanda, na uzoefu wa majaribio, na njia ya kufikisha dawa kwa wagonjwa. Insulini hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Genentech walikuwa wameingia soko la hisa Oktoba 1980 kwa dola 35 kwa hisa, na ndani ya saa moja hisa hiyo ikagusa dola 88, kampuni ikiwa haina dawa hata moja sokoni. Dawa ya kwanza waliyoiuza wenyewe, homoni ya ukuaji, ilikuja 1985, miaka tisa tangu zile dola 500.

Miaka tisa, wandugu. Mimi kwenye kazi yangu nikiambiwa miezi tisa natafuta kazi nyingine.

Hapa ndipo lazima niseme jambo linaloweza kuwaudhi wenzangu wa kompyuta. Tumewafundisha vibaya wanasayansi. Sisi tunatoa kitu kibovu Ijumaa tukakirekebisha Jumatatu, na tumegeuza tabia hiyo kuwa falsafa, tukaanza kuwahubiria watu wa fani nyingine. Mwaka juzi nilituma badiliko moja likawakata wateja makato mara mbili. Saa nane mchana nilikuwa nimeshalirudisha, pesa zikarudi, nikaomba radhi, maisha yakaendelea. Kipimo kikimwambia mama wa Makueni kwamba mahindi ni salama, na si salama, hakuna cha kurudisha saa nane.

Tena nitakiri kitu. Nimeonyesha wateja programu zikiwa na data ya kubuni mara nyingi, vitufe visivyofanya lolote, na sikuona haya. Kwetu ni kawaida, kila aliyeko mezani anajua kitajengwa. Theranos walichukua mazoea hayohayo wakayaingiza kwenye damu ya watu. Elizabeth Holmes alianzisha kampuni mwaka 2003 akiwa na miaka 19, akakusanya zaidi ya dola milioni 700, na kuanzia 2013 vipimo vyake vikawa vinatolewa kwenye maduka ya dawa ilhali mashine yenyewe haikuweza sehemu kubwa ya kazi iliyotangazwa. Mwaka 2015 John Carreyrou wa Wall Street Journal akafichua, 2016 kampuni ikabatilisha matokeo ya miaka miwili ya mashine hiyo, 2018 ikafungwa, na 2022 Holmes akahukumiwa kifungo cha miaka 11 na miezi. Watu husema alikuwa tapeli na wanaishia hapo. Mimi kinachonikera ni kwamba hatua zake za mwanzo zilifanana na hatua ambazo mimi mwenyewe ningemshauri mtu wa kompyuta azichukue.

Na tusiwacheke Wamarekani, maana tuna ya kwetu. Mwaka 1990 ilitangazwa hapa Nairobi, serikali ikiwa mstari wa mbele, kwamba KEMRI imepata dawa ya ukimwi iitwayo KEMRON. Ilikuwa interferoni alfa kwa dozi ndogo ya kuweka mdomoni. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mamangu anakumbuka, anasema watu walitoka mbali wakaja na akiba yao yote. Majaribio yaliyofuata, yale ya kulinganisha dawa na kidonge kitupu bila mgonjwa kujua kapewa kipi, hayakuona faida. Sidhani waliotangaza walikuwa waongo. Nadhani waliona wagonjwa wachache wakipata nafuu, wakafurahi, na hapakuwa na mtu chumbani ambaye kazi yake ilikuwa kusema tungoje.

Turudi kwa Daktari. Nilimwuliza kipimo chake kimejaribiwa wapi. Akasema maabara, kwenye unga aliouchanganya na sumu yeye mwenyewe kwa kiasi anachokijua, na kimepata zote. Sawa. Lakini gunia halifanani na hilo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Fanya hesabu kwenye gunia la kilo 90: ni chini ya miligramu moja ya sumu ndani ya gunia zima. Tena haikusambaa sawasawa kama sukari kwenye chai. Imejikusanya kwenye punje chache zilizooza vibaya, kati ya punje laki kadhaa. Ukichota gorogoro moja upande huu gunia ni salama, ukichota upande ule linaua. Wataalamu wa jambo hili wanasema sehemu kubwa ya makosa hutoka kwenye kuchota, wala si kwenye kupima. Kikaratasi kinaweza kuwa sahihi kabisa na jibu likawa la uongo.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo. Akasema, "Hiyo najua, bana. Iko kwenye sura ya pili ya tasnifu yangu." Basi mbona haiko kwenye slaidi? "Wawekezaji hawapendi kusoma mambo kama hayo."

Jibu hilo nimelifikiria sana. Mwanasayansi akiingia kwenye chumba chenye pesa anavua kitu ambacho ndicho kilimfanya aaminiwe. Nyumbani kwake anajua hasa ni wapi jambo lake linaweza kuvunjika, kuliko mtu yeyote duniani, halafu anakuja mbele yetu akijaribu kuongea kama sisi. Mimi ningempa pesa haraka zaidi kama slaidi ya pili ingesema: hapa ndipo tunaweza kufeli, na hivi ndivyo tutajua kwa shilingi kadhaa.

Kuna jambo la pili ambalo hakuliweka, nalo ni nani atalipa. Slaidi zinasema mkulima. Mkulima akigundua mahindi yake yana sumu anapata nini? Anapoteza mauzo. Kipimo hicho ni kama kumlipa mtu akuletee habari mbaya. Mwenye kuogopa kweli ni mwenye kinu kikubwa. Novemba 2019 shirika la viwango lilisimamisha aina tano za unga kwa ajili ya aflatoksini, na Machi 2021 serikali ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kulegeza kwa masharti. Mwenye kinu anapokea lori la gunia 300 langoni. Kwa shilingi 3,500 gunia hiyo ni zaidi ya milioni moja imesimama juu ya magurudumu. Je, anajali kama kikaratasi ni shilingi 150 au 1,000? Hajali kabisa. Anajali kama dereva atasubiri dakika 15 au saa tatu, na kama akikataa lori atakuwa na ushahidi wa kumwonyesha dalali. Yaani ule unafuu wa bei, ambao ndio kichwa cha slaidi zote 24, kwa mteja mwenye pesa hauna maana. Kwake Daktari anafaa auze namna ya kuchota vizuri na haraka, kikaratasi kije ndani yake.

Wanaojali shilingi 150 ni wale wa 2004. Na hao hawakuuza mahindi, waliyala. Hawakupita kwenye kinu chochote chenye mkaguzi. Hapa niliumwa kichwa, kwa sababu ndio waliomfanya aanze kazi hii. Nionavyo mimi, kipimo cha watu hao hakifai kulipiwa na pesa zangu wala za mwekezaji yeyote anayetaka zirudi zimezaa. Hicho ni cha ruzuku, cha kaunti, cha shule zinazopika githeri ya watoto 400. Mfano upo: Aflasafe, ile dawa ya shambani inayotumia ukungu usio na sumu kuusukuma nje ule wenye sumu, ilifika Kenya kupitia taasisi za utafiti wa kilimo za umma, na inatengenezwa huku Katumani na KALRO. Haikuanza kwa mtu kuuza asilimia 10 kwa rafiki yake wa chuoni. Pesa za aina moja zikitumwa kufanya kazi ya aina nyingine, mmoja kati ya mkulima na mwekezaji ataachwa barabarani, na kwa kawaida ni mkulima.

Mambo ya hataza nitapita haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa wengi wenu mnayajua. Cohen na Boyer walichapisha Novemba 1973, na ombi la hataza likawasilishwa Novemba 1974, wiki moja tu kabla ya muda wa mwaka mmoja ambao sheria ya Marekani ilikuwa inawapa. Nchi nyingine nyingi hazikuwa na huruma hiyo, kwa hivyo walipata hataza Marekani peke yake. Hata hivyo iliingizia vyuo viwili hivyo dola milioni 255 hadi ilipokwisha 1997. Daktari ameonyesha bango lake kwenye kongamano mwezi wa tano mwaka jana. Sheria yetu ya mwaka 2001 nayo inatoa miezi 12. Nimemwambia ahesabu vidole, na aende KIPI kuuliza kabla hajala pesa ya mtu. Ulaya pengine tayari amechelewa.

Lakini kinachonitisha zaidi ya hataza ni kitu kidogo: kingamwili alizotumia zilinunuliwa na ruzuku ya msimamizi wake, na jina la msimamizi halimo popote kwenye slaidi. Wala la chuo. Soma kilichowapata Genentech wenyewe. Mkesha wa mwaka mpya wa 1978 mmoja wa wanasayansi wao wapya alirudi usiku kwenye maabara aliyotoka pale chuo kikuu akachukua sampuli za DNA ya homoni ya ukuaji ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifanyia kazi. Aliona ni zake. Chuo kikashtaki mwaka 1990, na Novemba 1999 Genentech wakakubali kulipa dola milioni 200. Wao walikuwa nazo. Daktari ana pikipiki.

Nikamwandikia jibu refu. Nilisema sitoi 400,000. Nitatoa 120,000, tena kwa jaribio moja. Gunia 20 kutoka kwa wafanyabiashara tofauti, kila gunia tulichote mara mbili kwa kufuata utaratibu wake wa sura ya pili, tusage kila kitu tulichochota, tuchanganye, nusu iende kwenye maabara yenye mashine kubwa, nusu ipimwe na kikaratasi na mtu asiyejua gunia ni lipi. Kabla ya kuanza tuandike na kutia saini matokeo gani yatatufanya tuache. Tulibishana, tukafika hapa: kikaratasi kikipitisha sampuli mbovu zaidi ya mbili kati ya 40, hatuandikishi kampuni. Na zikivuka hapo salama, hisa zake na zangu zikomae polepole kwa miaka minne, msimamizi wake aitwe mezani, na yeye aendelee na uzamifu kama Boyer alivyobaki na uprofesa. Mashine ya kutengeneza vikaratasi ipo kwa watu, tutakodi siku mbili.

Alikasirika. Siku tatu hakupokea simu. Siku ya nne akanitumia ujumbe: "Kwa hiyo unadhani mimi mwongo?" Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe siruhusiwi kazini kupitisha kodi yangu bila mwingine kuikagua, na hakuna anayeniita mwongo. Hakujibu. Jioni akapiga. "Gunia tunatoa wapi?"

Mjomba wake ana kinu cha posho Masii. Tunaenda Jumamosi, matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshachapisha stika 40 zenye namba zilizochanganywa, na ile orodha inayosema namba ipi ni gunia lipi iko kwenye bahasha niliyoifunga na gundi. Nimemwachia mama. Amekataa kuniambia ameiweka wapi.